Hitilafu za pampu ya sola katika visima vya mifugo

Hitilafu za pampu ya sola katika visima vya mifugo ni kasoro zinazosababisha pampu inayoendeshwa kwa umeme wa jua isitoe maji kabisa, au itoe maji kidogo kuliko mifugo inavyohitaji. Makala hii inaeleza namna ya kuzitafuta kwa utaratibu, hasa katika mazingira ya Wilaya ya Kibiti na delta ya mto Rufiji, mkoani Pwani, Tanzania.

Utaratibu unaofaa ni kuanza juu na kushuka chini: kwanza jua, halafu paneli, nyaya, kontrola na boya la tangi, na mwisho kabisa pampu na kisima chenyewe. Sababu yake ni rahisi. Vitu vilivyo juu ya ardhi hukaguliwa na mtu mmoja mwenye mita ya umeme kwa muda wa nusu saa bila gharama. Kutoa pampu iliyo mita 50 chini ya ardhi kunahitaji watu kadhaa, kamba imara na siku nzima, na pampu inaweza kudondoka humohumo. Hata hivyo watu wengi hufanya kinyume chake. Pampu ikinyamaza husemwa mara moja kwamba "imeungua", hutolewa kisimani, kumbe boya la tangi lilikwama au waya umeguguna na panya.

Mazingira ya Kibiti na delta

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Mji wake mkuu uko kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na upande wa mashariki wilaya inashuka hadi delta, ambako mto Rufiji unagawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia. Delta ina misitu mikubwa ya mikoko, na tangu mwaka 2004 ni sehemu ya eneo la ardhi oevu la Rufiji-Mafia-Kilwa linalotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Wenyeji wa sehemu hizi, Wandengereko na Warufiji, ni wakulima wa mpunga, korosho, nazi na ufuta, na wavuvi. Ufugaji wa makundi makubwa ya ng'ombe uliongezeka sana baada ya mwaka 2006, serikali ilipowahamisha wafugaji kutoka Ihefu na bonde la Usangu mkoani Mbeya kwenda mikoa ya Pwani na Lindi. Tangu hapo maji ya mifugo yamekuwa jambo zito. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, mabwawa madogo hukauka na ng'ombe huswagwa kwenda mtoni. Njia ya kwenda mtoni hupita katika mashamba ya bondeni, ambayo ndiyo yenye rutuba na ndiyo yanayolimwa wakati huo, na huko mtoni kuna mamba. Kwa hiyo kisima kinachofanya kazi upande wa bara huzuia ugomvi wa wakulima na wafugaji, na pampu ikisimama siku 2 tu makundi huanza safari ya kwenda bondeni.

Sola inafaa kwa kazi hii kuliko inavyofaa kwa kazi nyingine nyingi. Wakati wa kiangazi, mifugo inapohitaji maji zaidi, ndipo anga huwa na mawingu machache. Wakati wa masika, mawingu yanapopunguza umeme, mabwawa yamejaa na ng'ombe hawana haja kubwa ya kisima.

Sehemu za mfumo

Mfumo wa kawaida hauna betri. Paneli hupeleka umeme kwenye kontrola, na kontrola huendesha mota iliyozama kisimani pamoja na pampu. Maji hupanda kwa bomba hadi kwenye tangi lililoinuliwa, kisha hushuka kwa uzito wake hadi kwenye birika la kunyweshea. Tangi ndilo linalochukua nafasi ya betri: kuhifadhi maji ni rahisi kuliko kuhifadhi umeme.

Pampu zenyewe ziko za aina 2 kuu. Aina ya kwanza husukuma maji kwa magurudumu yenye mapanga yanayozunguka kwa kasi. Hutoa maji mengi pale ambapo kina si kikubwa, lakini jua likiwa hafifu haiwezi kuyafikisha juu. Ya pili ina parafujo ya chuma inayozunguka ndani ya mpira. Hutoa maji kidogo, ila huyatoa hata asubuhi na hata kutoka kina kirefu. Ni muhimu kujua ipi iko kisimani kabla ya kuanza kutafuta kosa, kwa kuwa dalili zake hazifanani. Pampu ya parafujo isifungiwe koki ya juu ikiwa inafanya kazi, kwani inaweza kupasua bomba au kuharibu mpira wake.

Katika mifumo mingi kuna pia vihisio 2. Kimoja ni boya la tangi, ambalo huiambia kontrola kwamba tangi limejaa. Kingine hukaa kisimani juu kidogo ya pampu, na huizima pampu maji yakishuka chini yake ili isizunguke kavu. Vitu hivi vidogo 2 ndivyo vya kwanza kushukiwa.

Kiasi cha maji kinachotarajiwa

Haiwezekani kusema pampu inatoa maji kidogo bila kujua ilipaswa kutoa kiasi gani. Ng'ombe wa kienyeji hunywa takriban lita 25 hadi 40 kwa siku kulingana na joto na ukavu wa majani. Mbuzi au kondoo hunywa lita 4 hadi 5. Kundi la ng'ombe 300 wakati wa kiangazi linaweza kuhitaji lita 12,000 kwa siku.

Tuseme maji hayo yanapandishwa mita 50, kuanzia usawa wa maji kisimani pampu ikiwa inafanya kazi hadi mdomo wa tangi. Nishati inayohitajika ni uzito wa maji mara urefu, yaani hesabu ileile ya kazi na nishati inayofundishwa sekondari: kilo 12,000 × 9.81 × mita 50, ambayo ni karibu jouli milioni 5.9, sawa na kilowati-saa 1.6. Mota na pampu pamoja hupoteza nishati nyingi. Zikifikisha asilimia 40 ya umeme kwenye maji, umeme unaotakiwa ni kilowati-saa 4 kwa siku. Pwani ya Tanzania hupata jua linalolingana na saa 5 hivi za jua kamili kwa siku. Kilowati-saa 4 zikigawanywa kwa 5 ni wati 800, na baada ya kuongeza hasara za joto, vumbi na nyaya, paneli 4 za wati 300 zinatosha bila kubaki nyingi.

Kwa mfumo huo, saa 6 mchana wa jua kali, ndoo ya lita 20 inapaswa kujaa kwa sekunde 30 hivi. Ikichukua sekunde 60, nusu ya maji imepotea mahali fulani. Kipimo hiki cha ndoo na saa ya mkononi hakigharimu chochote, na kinafaa kufanywa siku pampu inapofungwa, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha.

Tahadhari

Paneli haina swichi ndani yake: ikipigwa na jua ina umeme. Paneli 4 zilizoungwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 38 bila mzigo, hutoa volti 152 za mkondo mnyoofu, na umeme huo unaua. Viunganishi vya paneli visivutwe wakati umeme unapita, kwa sababu mkondo mnyoofu ukikatwa hutoa cheche ndefu isiyozimika upesi. Swichi kuu huzimwa kwanza. Pasipo na swichi, paneli hufunikwa kwa turubai zito au kazi hufanywa kabla ya jua kuchomoza. Baada ya kuzima, kontrola huachwa dakika kadhaa kabla ya kufunguliwa, kwani vipande vya ndani hubaki na chaji.

Pampu haizunguki kabisa

Jambo la kwanza ni kutazama taa za kontrola. Ikionyesha kuwa tangi limejaa, huku tangi ni tupu, kosa liko kwenye boya au waya wake. Boya hukwama kwenye ukuta wa tangi, hunasa kwenye bomba, au waya wake mrefu hukatwa na jembe na kwato za ng'ombe. Fundi anaweza kuutenga waya wa boya kwenye kontrola kwa kufuata mchoro wa mtengenezaji: aina nyingine huhitaji nyaya 2 ziunganishwe, nyingine ziachwe wazi. Pampu ikianza kuzunguka, kosa limepatikana bila kugusa kisima.

Ikionyesha kuwa kisima hakina maji, upimwe usawa wa maji kabla ya kulaumu kihisio. Tepu yenye uzito mdogo hushushwa hadi isikike ikigonga maji. Maji yakiwa mengi juu ya pampu, kihisio kimechafuka kwa kutu au waya wake umekatika. Kukiondoa ili pampu iendelee kufanya kazi kunavutia, lakini ni hatari: pampu ya parafujo ikizunguka kavu kwa dakika chache mpira wake huungua, na hapo tatizo la waya mmoja hugeuka gharama ya pampu mpya.

Taa zote zikiwa zimezimika, hupimwa volti zinazofika kwenye kontrola. Katika mfano wa paneli 4, namba zinasema mengi. Volti 150 hivi ni hali ya kawaida. Sifuri maana yake mfululizo umekatika mahali pamoja, mara nyingi kwenye kiunganishi kilichoingia maji au kufungwa vibaya. Upungufu wa volti 12 au 13, yaani karibu theluthi ya paneli moja, humaanisha kwamba diodi moja ndani ya kisanduku cha nyuma cha paneli imeungua na kuunganika, jambo linalotokea baada ya radi. Alama ya kutoa mbele ya namba kwenye mita huonyesha kwamba chanya na hasi zimebadilishana, kosa la kawaida baada ya paneli kuhamishwa.

Kuna mtego mmoja hapa. Volti bila mzigo huwa karibu kamili hata paneli zikiwa chafu au kivulini. Kinachopungua ni ampea. Kwa hiyo volti nzuri haithibitishi kwamba paneli ni nzima. Mita ya koleo inayopima mkondo mnyoofu, ikiwekwa kwenye waya mmoja pampu ikijaribu kuwaka, ndiyo itakayoonyesha kama umeme upo kweli.

Umeme ukifika na kontrola ikawaka bila mota kuzunguka, huzimwa kila kitu, nyaya 3 za mota hufunguliwa kutoka kwenye kontrola na kupimwa ukinzani kwa jozi. Jozi zote 3 zinapaswa kutoa namba moja. Jozi moja ikiwa tofauti, waya au koili imekatika. Kisha hupimwa kama umeme unavuja kutoka kwenye nyaya hadi ardhini kwa kipimo maalumu cha ukinzani wa maganda ya nyaya. Chini ya megaohmu 0.5 kuna uwezekano mkubwa kwamba maji yameingia, na mara nyingi yameingia kwenye kiungo cha waya kilicho juu ya mota wala si kwenye mota yenyewe. Kuna mota zenye elektroniki ndani yake. Hizo zisipimwe kwa kipimo hicho bila kusoma kitabu chake.

Pampu inazunguka lakini maji ni kidogo

Kivuli hushika nafasi ya kwanza. Kibiti ni nchi ya mikorosho na miembe, na mti uliokuwa mdogo paneli zilipofungwa huwa mkubwa baada ya miaka 5. Katika mfululizo, paneli iliyofunikwa na tawi moja hupunguza umeme wa mstari mzima, kama bomba lililobanwa mahali pamoja. Dalili yake ni maji kupungua saa ileile kila siku, tuseme saa 9 alasiri, kisha kurudi.

Vumbi la barabara, moshi wa kuchoma mashamba, kinyesi cha ndege na, karibu na bahari, chembe za chumvi hufunika kioo. Paneli huoshwa alfajiri kwa maji baridi na kitambaa laini; maji baridi juu ya kioo chenye joto la mchana yanaweza kukipasua. Kwa kuwa Kibiti iko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 8, paneli huelekezwa kaskazini na kuinamishwa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo mdogo huwezesha mvua kuzisafisha. Paneli zilizopigiliwa bapa juu ya bati hukusanya uchafu na pia hupata joto, na joto ni hasara: kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25 hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.4. Paneli iliyofikia nyuzi 65 imeshapoteza asilimia 16.

Waya mwembamba ni kosa la siku ya kwanza linaloonekana baadaye. Waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka paneli hadi kisimani, mita 60 kwenda na 60 kurudi, una ukinzani wa karibu ohmu 0.84. Ampea 9 zikipita humo, volti 7.5 hupotea njiani. Kwa mfumo wa volti 150 ni hasara ndogo. Kwa pampu ndogo ya volti 36 ni zaidi kidogo ya sehemu moja kwa tano: asilimia 21. Pampu hiyo haitafanya vizuri hata ikibadilishwa mara 10.

Nyaya za mota zikiwa zimefunguliwa na kurudishwa bila alama, mota inaweza kuzunguka kinyumenyume. Pampu ya mapanga ikizunguka kinyume bado hutoa maji machache, na hilo huwadanganya wengi. Kubadilishana nyaya 2 kati ya 3 hurekebisha mwelekeo.

Kama umeme wote ni mzima, linabaki bomba, pampu au kisima. Asubuhi pampu inapoanza, bomba lililojaa maji hutoa maji karibu mara moja. Maji yakichelewa dakika kadhaa kila asubuhi, bomba huisha maji usiku: ama valvu ya kuzuia maji kurudi haifungi, ama kiungo kinavuja. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hubeba nusu lita kwa kila mita, hivyo mita 40 zilizokauka zinahitaji lita 20 kabla ya tone la kwanza kutokea juu. Kuvuja kukubwa husikika: mtu akisikiliza kwenye mdomo wa kisima pampu ikifanya kazi, husikia maji yakianguka ndani.

Maji yanakatika mchana na kurudi

Pampu ikianza vizuri asubuhi, ikazimika jua linapokuwa kali, ikawaka tena baada ya dakika 20 au 30, si mgonjwa. Inavuta maji kuliko kisima kinavyoweza kujaza, na kihisio kinaizima kila mara. Hali hii hujitokeza zaidi Septemba na Oktoba, maji ya ardhini yanapokuwa chini kabisa. Kuongeza paneli, kama wengine wanavyofanya, huzidisha tatizo. Dawa yake ni kupunguza kasi ya pampu kwenye kontrola, ili ifanye kazi taratibu siku nzima, na kuwa na tangi kubwa zaidi. Kushusha pampu chini zaidi kunawezekana, ila si hadi kwenye matope ya chini ya kisima wala mbele ya sehemu yenye matundu ya bomba la kisima.

Maji yanapogeuka chumvi

Katika delta na ukanda wa karibu nayo, hitilafu kubwa kuliko zote haionekani kwenye mita ya volti. Pampu ni nzima, maji yanatoka kwa wingi, lakini ng'ombe wanayanusa na kuondoka.

Maji baridi ya ardhini karibu na bahari huelea juu ya maji ya chumvi, kwa sababu ni mepesi zaidi: lita ya maji baridi ina kilo 1, ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901 walionyesha kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inalingana na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kanuni hii ina upande wake mbaya. Pampu ikishusha maji kisimani kwa mita 1 na kuyaacha hapo kwa muda mrefu, maji ya chumvi yaliyo chini huelekea kupanda hata mara 40 ya kiasi hicho. Chumvi hupanda kama kichuguu chini ya kisima, na ikishafika kwenye pampu huchukua miezi, pengine misimu kadhaa ya mvua, kurudi chini.

Ndiyo maana ushauri unaofaa kule bara, yaani kuchimba zaidi maji yakipungua, unaweza kuua kisima cha delta. Huko kinachofaa ni kisima kifupi, pampu ndogo, na kuvuta polepole kwa saa nyingi. Visima vifupi 2 au 3 vilivyoachana ni bora kuliko kimoja kirefu chenye pampu kubwa.

Chumvi hupimwa kwa kifaa kidogo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kwa viwango vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yanayopimwa chini ya desisimensi 5 kwa mita yanafaa kwa mifugo yote. Kati ya 5 na 8 yanafaa kwa ng'ombe na mbuzi, ingawa yanaweza kuwaharisha kwa muda wasiozoea, na hayafai kwa kuku. Kati ya 8 na 11 ni hatari kwa wanyama wenye mimba na wanaonyonyesha. Zaidi ya 16 hayafai kabisa. Kinachopaswa kuogopesha ni mwendo wa namba hizo zaidi ya namba yenyewe: kisima kilichokuwa na 2 mwezi Juni na 4 mwezi Septemba bado kinanyweka, lakini tayari kinavutwa kupita kiasi, na huo ndio wakati wa kupunguza.

Chumvi hula pia vyuma. Bomba la plastiki, kamba ya chuma kisichopata kutu na viungo vya waya vilivyofunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto hudumu zaidi kuliko mabomba ya chuma ya kawaida.

Mchanga, kutu na mafuriko

Ardhi ya pwani ina mchanga laini. Maji yakiwekwa kwenye chupa ya kioo na kuachwa saa moja, mchanga ukitulia chini kila siku ni dalili kwamba kichujio cha kisima ni kibovu au pampu inavuta kwa nguvu mno. Mchanga husaga mapanga na mpira, na pampu hupungua nguvu kidogo kidogo kwa miezi bila siku moja ya kuharibika. Utelezi mwekundu ndani ya birika na bomba hutokana na madini ya chuma na bakteria wanaoishi kwayo; huziba vichujio na husafishwa kwa klorini, pampu ikiwa imezimwa na maji yakimwagwa mbali baadaye.

Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti yalikumbusha jambo lingine: mdomo wa kisima na kontrola vinapaswa kuwa juu ya alama ya maji ya mafuriko yanayokumbukwa na wazee wa kijiji. Kisima kilichofunikwa na mafuriko huvutwa hadi maji yawe meupe na kutiwa klorini kabla ya kutumiwa tena. Kontrola iliyozama isiwashwe "kujaribu". Hufunguliwa, huoshwa kwa maji safi, hukaushwa na kukaguliwa na fundi.

Kuhusu radi, waya wa ardhi uliochomekwa kwenye mchanga mkavu haufanyi kazi yake. Fimbo ndefu inayofika udongo wenye unyevu, pamoja na kinga ya radi kwenye kontrola, hugharimu kidogo kuliko kontrola mpya. Matundu ya kisanduku cha kontrola yazibwe, kwani siafu na mijusi huingia kufuata joto na kuunganisha nyaya kwa miili yao.

Kutoa pampu kisimani

Hatua hii hufikiwa tu baada ya zote zilizotangulia. Swichi huzimwa na kufungwa kwa kufuli ili asiwepo wa kuiwasha. Pampu hunyanyuliwa kwa kamba ya usalama na bomba, kamwe si kwa waya wa umeme. Waya hufungwa kwenye bomba kila baada ya mita 3 hivi wakati wa kurudisha, usilegee wala kukazwa mno. Kina cha pampu, kina cha maji na hali ya kila kiungo huandikwa papo hapo. Pampu iliyotolewa huweza kujaribiwa ndani ya pipa la maji: ikitoa maji vizuri humo, tatizo liko kwenye bomba au kisima.

Kuchimba kisima kirefu na kutumia maji yake kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Taarifa ya mchimbaji, yenye kina, aina za udongo na kiasi cha maji kilichopimwa, ndiyo hati ya kwanza fundi anayoiomba. Nakala yake ikae kijijini. Miradi ya maji ya wananchi vijijini iko chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa mwaka 2019, na mafundi wake wa wilaya wanaweza kushauri hata pale kisima kinapokuwa cha mifugo.

Wakati pampu imesimama

Ng'ombe kwenye joto la pwani hawezi kukaa zaidi ya siku 2 au 3 bila maji bila kudhoofika vibaya. Tangi linaloshika maji ya siku 2 hadi 3 humpa fundi muda wa kufika. Maji yakiwa machache, ndama, wanyama wenye mimba na wanaonyonyesha hunyweshwa kwanza, na kundi hunyweshwa jioni badala ya mchana. Wanyama waliokaa na kiu kwa muda mrefu hupewa maji kidogo kidogo, hasa kama maji ya akiba yana chumvi. Ikilazimu kwenda mtoni, viongozi wa kijiji cha wafugaji na cha wakulima hukubaliana kwanza njia na saa, jambo lililo rahisi zaidi likifanywa mwanzoni mwa kiangazi kuliko siku mpunga umeshakanyagwa.

Daftari la kisima huwa na safu 5 tu: tarehe, sekunde za kujaza ndoo saa 6 mchana, kina cha maji, kipimo cha chumvi, na kazi iliyofanyika. Likiandikwa mara moja kwa wiki, fundi anayekuja kwa mara ya kwanza huweza kuona kama pampu ilikufa ghafla, ambapo ataanza na nyaya na radi, au ilichoka kwa miezi, ambapo ataanza na mchanga na kisima.